Zimeni Taa

Nina hasira, na naanza na hilo ili mtu asije akanikatiza njiani kuniambia nipunguze sauti. Nimekuwa nayo tangu mwezi wa nne. Nalala nayo, naamka nayo, nainywa na chai. Watu wa hapa gatini wananiambia, Dorca, tulia, mambo yameisha. Yameisha kwao. Wao hawakushika nilichoshika mimi.

Mimi ni fundi wa taa. Kibanda changu cha kuchaji kiko hapa Wath Aloo, gati dogo la wavuvi wa omena, dagaa wa ziwani, ambalo ukitoka Dunga ya Kisumu kwa miguu utalifikia kwa nusu saa, kama mvua haijaharibu njia. Omena huvuliwa usiku usio na mwezi. Boti zinatoka jioni, wavuvi wanaweka taa juu ya vyelezo vidogo vya mbao, samaki wanaufuata mwanga, wavu unashushwa. Asubuhi taa zinarudi kwangu, nazipanga mezani, na paneli zangu za sola zinazijaza tena. Nazijua zote, arobaini na kitu, kila moja na mwenyewe.

Ya Seline hata mtoto angeitambua. Seline ni mama yake Enos, kijana mvuvi. Yeye mwenyewe si mvuvi, ni mnunuzi wa omena, na taa yake ilikuwa ikitundikwa hapa gatini alfajiri boti zinaporudi. Kioo chake kilipasuka zamani, na badala ya kununua kingine alikata kipande cha mtungi wa mafuta ya kupikia, ile mitungi ya njano, akakifunga mbele kwa waya. Basi ufuo mzima ulikuwa na taa nyeupe, na moja ya njano. Mara ngapi nilimwambia nimbadilishie! Alikuwa akicheka tu. "Wacha, nyaminwa, dada yangu. Enos akiwa huko mbali anajua hiyo ni ya nyumbani."

Kuna jambo moja hapa ambalo halijaandikwa popote na hakuna asiyelijua. Mtu akiwa majini, taa hazizimwi. Habari ikifika kwamba boti imepinduka, kila mwenye taa anaiwasha, walio ziwani wanaacha kuvua na kusogea pamoja, walio nchi kavu wanashuka gatini, na hakuna anayegusa swichi mpaka mtu apatikane au betri ife yenyewe. Nilipokuwa mdogo niliwahi kuona taa tisa zikiwaka hapa kwenye saruji saa tano ya mchana, jua kali, na watu wanazipita pembeni kwa adabu. Nilimuuliza baba kwa nini hazizimwi. Alinijibu kwamba aliye majini ndiye anayejua kama bado anaziona.

Sasa tuje kwa hicho kifaa.

Mwaka juzi tulizika watu watatu ndani ya miezi miwili. Kanisa moja la mjini likatuhurumia, likasema litatununulia kifaa kimoja cha kutafutia watu gizani, tuchague wenyewe. Kamati ya uokoaji ilikuwa tayari ipo, na mwenyekiti wake alikuwa Frankline Ouma. Ouma alizaliwa hapa, lakini analala Milimani, mtaa wa matajiri mjini, ndani ya ua lenye geti la chuma na mbwa wanaokula vizuri kuliko mimi. Ana boti saba anazokodisha. Huja na gari lake, analiegesha mbali ili lisiguswe na magamba ya samaki, na sote tunamwita Mwenyekiti hata akiwa anakunywa soda.

Muuzaji alikuwa Gakenia, mwanamke wa makamo mwenye duka la kamera za ulinzi mjini Kisumu. Alikuja na vifaa viwili ndani ya sanduku. Tuliingia watu wanne kwenye stoo ya kanisa letu, yeye, Ouma, mchungaji wetu, na mimi kwa sababu ni fundi. Tukafunga mlango na kuziba dirisha kwa mkeka, kukawa giza totoro.

Kwanza akampa Ouma darubini ya usiku. "Hii inachukua ile mwanga kidogo iko, hata ya nyota, inaiongeza," Gakenia alisema. "Mwanga ikikosa kabisa, iko na katochi kake ambako macho yako haioni, lakini hako kanafika karibu tu."

Ouma akaiweka machoni, akageuka kulia na kushoto, kisha akapiga kelele kama aliyeokota kitu njiani. "Kalenda! Naona kalenda kwa ukuta! Naweza soma tarehe! Mchungaji, shati yako imekosa kifungo!"

Gakenia akawasha tochi ya simu yake ghafla. Ouma akaruka, akaitoa darubini machoni akilalamika kwamba kila kitu kimekuwa cheupe.

"Ndio nataka ujue," Gakenia alisema. "Taa ikiwa mbele yake, imekwisha. Hapo huoni kitu."

Kisha akampa ile ya pili, kamera ya joto. Hiyo haihitaji mwanga wowote, inasoma joto la vitu. Aliniomba nibandike kiganja ukutani, nikibandue. Alinipa mimi niangalie kwanza, na naapa, niliuona mkono wangu ukiwa umebaki pale ukutani, mweupe, vidole vyote vitano, ukififia polepole. Akawasha ile tochi tena. Kamera haikujali hata kidogo. Nyuma ya magunia kulikuwa na kuku aliyeatamia ambaye hakuna aliyejua kwamba yupo, na kichwa chake kilionekana kinang'aa juu ya gunia.

Ouma alipoichukua alikunja uso. "Mchungaji hapa anafanana na mandazi. Sioni macho, sioni pua. Na kalenda iko wapi?"

"Kalenda haina joto," Gakenia alisema. "Hiyo haitakusomea maandishi wala sura. Bwana Mwenyekiti, wacha nikuulize. Unataka kujua ni nani, ama unataka kujua ako wapi? Hiyo ni maswali mbili. Hii ya mwanga inajibu ya kwanza. Hii ya joto inajibu ya pili. Kichwa ya mtu kwa maji ni ndogo kama nazi, na usiku maji ni nyeusi. Ukitumia ile ya mwanga utaitafuta mpaka uchoke. Ukitumia ile ya joto itakuwa doa nyeupe, mara moja unaiona, kama hajakaa sana akapoa. Mimi nauza zote mbili, sina hasara. Lakini nikikupea hiyo ya kalenda kwa kazi ya kuokoa mtu, nitakuwa nimekudanganya."

Mtu aeleze zaidi ya hapo vipi? Na mchungaji alisikia, na mimi nilisikia.

Ouma akairudisha kamera ya joto sandukuni. "Tunachukua hii yenye naona nayo mtu vizuri," alisema. "Hiyo ingine ni ya kutafuta kuku."

Mchungaji akacheka. Mimi sikucheka, lakini nilinyamaza. Mimi, fundi, niliyeuona mkono wangu mwenyewe ukutani, nilinyamaza kwa sababu ni Mwenyekiti na mimi ni Dorca wa kuchaji taa. Hilo nalo liandikwe.

Haikupita wiki tatu tukajua kwa nini alitaka kusoma kalenda. Ouma alianza kuja gatini usiku na darubini yake shingoni, anasimama juu ya saruji, anaelekeza ziwani, anasoma namba zilizochorwa ubavuni mwa boti. Asubuhi anakuja na orodha. Fulani alivua kwenye mafunjo palipokatazwa. Fulani ana wavu wenye matundu madogo. Wavu unachomwa hapa mbele ya watu, na mwenyewe, akitaka kula, anaenda kukodi boti ya Ouma. Sisemi hao watu hawakuwa na makosa. Wengine walikuwa nayo. Lakini kifaa kilitolewa na kanisa kwa ajili ya walio majini, na katika miezi yote hiyo hakikuelekezwa kwa mtu aliye majini hata siku moja. Watu wakaanza kupaka lami juu ya namba zao. Wakaanza kumtukana akiwa amewapa mgongo, na akisema twende kushoto, wanaenda kulia.

Basi usiku wa mwezi wa nne, saa mbili na kitu, upepo ulishuka kutoka upande wa milima ya Nandi bila taarifa. Boti iliyopinduka ilikuwa na wanne. Wawili waliokotwa na boti jirani wakaletwa hapa wakitapika maji. Wawili hawakuonekana: Enos wa Seline, na Joram, mdogo wangu, wa tumbo moja na mimi.

Nitasema wazi kwamba nilichanganyikiwa. Nilikimbia kutoka kibandani hadi gatini na viatu mkononi. Nilipofika, taa zilikuwa zimeshawashwa, ufuo wote, na kule ziwani boti zilikuwa zimesogeleana na kufanya mstari mrefu wa mwanga. Seline alikuwa amesimama ukingoni mwa saruji, ameifunga taa yake kwenye kasia na kuliinua juu. Hakuwa analia. Alikuwa akiita jina la mwanawe kwa sauti ya kawaida, kama anayemwita aje kula.

Mvua ilikuwa imekatika lakini mawimbi bado yalikuwa makubwa. Wenye injini walikuwa wakizunguka, wanarudi, wanatoka tena. Saa zikapita namna hiyo.

Ouma alifika karibu saa sita. Gari lake, koti lake la mvua, darubini yake ndani ya mfuko. Nilimwambia tuingie kwenye boti twende nayo huko. Alitazama mawimbi, akasema kifaa hakitakiwi kuloa. Akapanda kwenye saruji, akaiweka machoni, akaitoa, akaifuta, akaiweka tena.

"Naona nyeupe tu," alisema. "Hizi taa! Zimeni taa! Nyinyi huko, zimeni taa!"

Hakuna aliyezima. Mzee mmoja alitema mate pembeni. Mwingine akamwambia Ouma kwa Dholuo, lugha yetu, arudi kwa mbwa wake.

Ouma akanigeukia. "Dorca, wewe unajua hii kitu. Uliona kwa stoo. Kama taa iko, haioni. Waambie. Mimi hawanisikii."

Na kweli nilijua. Hapo ndipo penye uchungu wote. Katika watu wote waliokuwa gatini, mimi peke yangu ndiye niliyejua kwamba anachosema ni kweli. Darubini ile mbele ya taa arobaini haikuwa na faida kuzidi chupa tupu. Nilifikiri, mdogo wangu yuko pale, kifaa kipo hapa, na kinachozuia ni mwanga. Sikufikiri kitu kingine. Kichwa cha fundi kilifikiri kifaa tu.

Nikapiga simu kwa manahodha, mmoja baada ya mwingine, simu zao zikiwa ndani ya mifuko ya nailoni. Niliwaambia ni mimi, ni Dorca, Joram ni wangu, naomba mzime, ni dakika chache. Walibisha. Mmoja aliniuliza kama nimerogwa. Lakini walinisikiliza, kwa sababu taa zao hulala kwangu kila siku na mdogo wangu ndiye aliyekuwa majini. Kule mbali mwanga ukaanza kukatika kidogo kidogo, kutoka upande wa Dunga kuja kwetu. Hapa nchi kavu nao wakazima, wakininung'unikia.

Ikabaki ya njano.

"Min Enos," nilimwambia Seline, maana kwetu mama huitwa kwa jina la mwanawe, "naomba uzime."

"Sizimi."

"Kifaa hakioni kukiwa na taa. Tukizima kitawaona."

"Wewe unajua vizuri hazizimwi. Baba yako hakukufundisha?"

"Joram pia yuko huko!" Nilimpigia kelele. Mwanamke aliyenizidi miaka ishirini, mwanawe majini, nikampigia kelele mbele ya watu. Kisha nikalishika kasia, tukavutana. Nilikuwa na nguvu kumshinda. Niliishusha ile taa na kuizima kwa kidole hiki.

Kukawa giza. Ouma akaangalia. Hapakuwa na mwezi, na mawingu yalikuwa yamefunika nyota, kwa hiyo hata huo mwanga mdogo wa kuongezwa haukuwepo. Aliona mawimbi ya karibu. Aliona kiboko kwenye mafunjo, akatusimulia kuhusu kiboko. Alinipa nikaangalia mimi pia, nikaona chengachenga za kijani na maji yanayopanda na kushuka, na kila kilele cha wimbi kilikuwa kichwa cha mdogo wangu mpaka kinaposhuka. Nikakumbuka ule mkono mweupe ukutani. Wakati huo ndipo nilipoelewa, na nilielewa kama mtu aliyepigwa kofi. Hiki kitu hakikununuliwa kututafuta. Kilinunuliwa kututambua.

Dakika arobaini tulikaa gizani. Nilipowaambia wawashe tena, wengine walikuwa wamekata tamaa na kuanza kurudi.

Alfajiri mama mmoja aliyekwenda kukata mafunjo alimkuta Joram amekwama kwenye mizizi, amekumbatia mtungi mtupu wa lita ishirini, midomo imekuwa ya kijivu. Alikuwa hai. Enos tulimpata siku ya tatu, mbali, upande wa Kano. Nilibeba jeneza pamoja na wanaume na hakuna aliyenikataza.

Joram alilazwa siku tano. Siku ya nne nilikuwa namlisha uji, akasukuma kijiko pembeni.

"Dorca, nani alizima taa?"

Nikamuuliza kwa nini anauliza.

"Tulikuwa tunaziona," alisema. "Mtungi ulikuwa mmoja, tumeushika wote wawili, tunapiga miguu. Hatukuwa mbali vile. Enos akasema, ona ile ya njano, hiyo ni ya mathe, tuishike hiyo hiyo. Tukaishika. Alikuwa anafanya mzaha, eti akifika atamwambia sasa anunue kioo. Halafu zikaanza kuzimwa. Moja, moja. Nikamwambia ni betri. Akasema betri haziishi zote pamoja. Ile ya njano ilibaki peke yake kwa muda. Ikazimwa. Enos akaniambia, omera, ndugu yangu, hata mama amerudi nyumbani. Sikumsikia akiachilia. Nilisikia tu mtungi umekuwa mwepesi."

Nilikunja kile kijiko hadi kikapinda. Joram akanishika mkono, akasema nisimwambie Seline kamwe, itamuua. Nikasema sitamwambia.

Mkutano wa kamati ulifanyika hapa hapa gatini, chini ya mabati, saa nne asubuhi, wiki mbili baada ya mazishi. Ouma alisoma ripoti. Alisimama na karatasi yake, viatu vimepigwa rangi, akasoma kwamba kifaa kilifanya kazi yake ipasavyo, kwamba hali ya hewa ilikuwa mbaya, na kwamba marehemu hakuwa amevaa jaketi la kuelea. Alisema "marehemu" kama anasoma namba ya boti. Kisha akapendekeza tuliandikie kanisa barua ya shukrani na kuomba darubini ya pili kama ile ile.

Nilisimama kabla hajaketi.

"Kilifanya kazi yake, ndiyo," nilisema. "Kazi yake ni kusoma namba zetu. Mwenyekiti, ulionyeshwa viwili. Mama Gakenia alikuuliza kwa Kiswahili, unataka kujua ni nani, ama yuko wapi? Ukachagua ni nani. Enos alipokuwa majini, kuna mtu hapa alikuwa na haja ya kujua ni nani? Sisi wote tulijua ni nani! Mama yake alikuwa amesimama hapa anaita jina lake! Tulitaka kujua yuko wapi, na kifaa cha kujibu hilo wewe ulikiita cha kutafuta kuku. Kuku! Yule kuku alionekana nyuma ya gunia, na Enos hakuonekana."

Watu walianza kupiga kelele. Wengine walipiga makofi, mzee wa mate akapiga fimbo chini, mtu akasema Dorca sema yote. Mchungaji aliangalia viatu vyake. Nakiri kwamba ilinipendeza. Kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa nne nilipata mahali pa kuiweka hasira yangu, na mahali penyewe palikuwa uso wa Ouma.

Ouma alisubiri kelele zipungue. Hakupaza sauti.

"Sawa," alisema. "Mimi nilichagua vibaya, labda. Lakini hizo taa, mimi niliwaambia wazime, mkakataa. Ni nani aliwapigia simu? Ni nani alimnyang'anya Min Enos taa? Nilikuwa mimi?"

Makofi yakaisha. Nilitafuta neno la kumrudishia, na nilikuwa nalo: wewe ndiye uliyeniambia. Lilikuwa tayari mdomoni, na lilikuwa kweli. Nikamwona Seline. Alikuwa kwenye benchi la mbele na kitambaa cheusi kichwani, ananitazama bila chuki, na hilo ndilo lililonishinda. Tangu mazishi alikuwa ananisalimia. Alikuwa amemletea Joram maziwa hospitalini. Alidhani mwanawe alizama mapema, upepo ulipopiga, na kwamba taa iwake au izimwe ilikuwa ni sawa tu.

Ningeweza kuketi. Joram alikuwa amesimama nyuma kwenye nguzo, na aliponiona sijaketi, alitikisa kichwa kunikataza.

"Ni mimi," nilisema. "Min Enos, ni mimi. Na kuna kitu hujaambiwa."

Nikamwambia. Sikumwambia Ouma wala mkutano, nilimwambia yeye. Nilimwambia kuhusu mtungi mmoja na vijana wawili, kuhusu taa ya njano waliyoishika, na mzaha wa kioo. Nilimwambia jinsi zilivyozimwa moja moja na jinsi yake ilivyokuwa ya mwisho. Nilipofika kwenye yale maneno ya Enos sauti ilinikatika, nikayarudia upya mpaka yakatoka yote. Sikuomba msamaha, kwa sababu nilijua nikiuomba atanipa, na sikuutaka.

Seline akageuka akamtafuta Joram kwa macho. "Ni kweli alijua ni yangu?"

"Alijua, Mama," Joram alisema.

"Na alisema nimerudi nyumbani."

Joram aliiacha nguzo, akaja akachuchumaa kando ya benchi lake.

Seline akafuta uso kwa pembe ya leso, akanitazama. "Taa yangu iko wapi?"

Ilikuwa kibandani kwangu. Tangu usiku ule sikuwa nimethubutu kumrudishia, wala yeye hakuwa ameiulizia. Kila asubuhi nilikuwa nikiichaji pamoja na nyingine, sijui kwa nini, labda kwa sababu mikono ya fundi haijui kufanya kitu kingine. Nilikwenda nikaichukua, ingali na kile kipande cha mtungi na waya wake. Nikamnyooshea.

Hakuipokea.

"Washa wewe," alisema. "Wewe ndiye ulizima."

Nikaiwasha. Saa tano ya mchana, jua limesimama, mwanga wenyewe hata hauonekani vizuri. Seline alielekeza kidole ukingoni mwa saruji, pale pale aliposimama yeye usiku ule. Nikaenda nikasimama hapo, nikaiinua, nikiwa nimetazama ziwa.

"Usishushe mpaka ife yenyewe," alisema.

Nyuma yangu nilisikia viti vikisogezwa na watu wakiondoka bila kuagana, na gari la Ouma likiwaka kule mbali. Hakuna aliyefunga mkutano. Mkono ulianza kuniuma kabla ya robo saa, na hasira yangu ilikuwa palepale, haikuwa imepungua hata kidogo, ila sasa nilikuwa najua sehemu yake ipi ni ya Ouma na ipi ni yangu.

Ile betri naijua. Niliiweka mimi mwenyewe mwezi wa pili, mpya, ikijaa inakaa masaa kumi na moja. Na asubuhi ile nilikuwa nimeichaji mpaka ikajaa.